Vilima Viwili vya Maharage

Laurentine alivuka mpaka mwaka 1964, akitokea upande wa Butembo, na mbegu za maharage mekundu amezifunga kwenye pembe ya kitenge. Mama mkwe wangu, Bulandina, akampa chumba hapa kwetu Bwera. Laurentine alisema maharage yake yanazaa kuliko meupe ya kwetu. Mama mkwe akataka aone kwanza, basi wakapanda mashina matatu ya kila aina nyuma ya jiko. Yalipokauka, maganda yalikuwa karibu sawasawa.

"Ni yale yale," mama mkwe akasema, akimwonyesha mwanangu. "Mbegu zilizobaki tupike. Mjukuu wangu hashibi sifa."

Laurentine hakubisha sana. Alisema tu mashina matatu hayawezi kutueleza kitu, akaomba shamba zima kwa msimu mmoja, mstari wake na mstari wetu, ili udongo usipendelee mtu. Akapanda mbegu zake zote. Zikishindwa, zitakazovunwa zinaingia chunguni, na maharage ya kwao yanaishia hapo.

Siku ya kuvuna akatandika mkeka wa mistari uani. Alichukua shina moja moja, akahesabu maganda. Shina la maganda matano, anaweka punje moja kwenye mstari wa tano. La maganda tisa, mstari wa tisa. Punje nyekundu kwa mashina yake, nyeupe kwa yetu, akizipanga kuanzia ukingo wa mkeka. Mimi nilikaa karibu, mwanangu mapajani, nikimpokonya punje asije akameza.

Mwanzoni zilitawanyika tu, nyekundu katikati ya nyeupe, huoni tofauti yoyote. Nilimwonea huruma. Yeye akaendelea. Kufika alasiri mistari mingine ilikuwa imerefuka, na mkekani vikalala vilima viwili, cheupe na chekundu, chekundu kikiwa upande wa maganda mengi, miguu imeingiliana lakini vichwa vimeachana.

Mama mkwe akaja, akainama. Akagusa punje moja nyeupe iliyokuwa mbali, peke yake.

"Na huyu wangu? Mbona amewapita wako wote?"

"Huyo iko mwanaume kweli, mama," Laurentine akasema, akitabasamu. "Lakini usiangalie mutu mumoja. Angalia kilima."

Mama mkwe akaangalia kilima. Kisha akachuchumaa, akaanza kukusanya nyekundu kwenye leso yake, hata zile zilizokuwa zimeviringika hadi ukutani, akaenda kuzifungia ndani. Alipotoka akaniambia niinjike chungu, nipike nyeupe.