Mdiria Aliyetangulia Uluguru

Mama ndiye aliyenituma. Kaka yangu Shomari alitoka kisiwani kwetu kwenda kuponda kokoto za reli ya Wadachi, na reli ilipofika Morogoro hakurudi. "Hata ndege mdiria wa mikokoni huondoka vuli, na masika huyo amerudi," Mama alisema. "Mwanangu ana nini? Nenda ukamlete."

Siku ya tatu nilishuka gari moshi Morogoro, masikio yangali yanavuma. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu, nikawa kama naiona usingizini.

Stesheni waliniambia Shomari anaishi huko juu, na kesho yake alfajiri nilianza kupanda. Njia nyembamba, matope matupu, nami mtu wa pwani nikimlaani Shomari kila kona.

Adhuhuri nikasikia mlio nilioujua tangu utotoni. Nikainua macho: mdomo mwekundu, mbawa za buluu. Mdiria wetu! Kwetu hula kaa. Huku alibeba panzi. Akaingia katika tundu la kigong'ota, kwenye mti mkavu nyuma ya nyumba moja. Mlangoni alisimama Shomari, amepakata mtoto mchanga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama mzima?"

"Anakungoja. Twende wote, na mkeo na mtoto."

Mjomba wa mkewe, aliyekuwa akimenya mihogo, alinikatiza taratibu. "Huku kwetu, mgeni, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Haondoki. Baba mtu akitaka kutembea atembee, ila vuli awe amerudi shambani."

Nilikasirika, nikala mihogo yao kwa kununa. Siku saba tulikaa nyuma ya nyumba tukiwatazama mdiria, dume na jike, wakipokezana kulisha makinda. Hasira ikaniishia bila mimi kujua.

"Makinda wakikomaa, watashuka pwani," Shomari alisema. "Nami nitakuja."

Sikumwamini.

Nilirudi kisiwani peke yangu. Mama hakunigombeza. Hilo liliniuma zaidi.

Masika yalipoanza, mdiria alilia mikokoni. Mama akatandika mkeka mlangoni. Siku ya nne tukasikia hodi: Shomari, na mkungu wa ndizi begani.

Nilijifunza kwamba mtu anaweza kuwa na kwao kuwili. Mama alikwisha kulijua. Alimshika Shomari mashavu, machozi yakimtoka, akamuuliza, "Utaondoka lini?"

"Mdiria wakiondoka, Mama."

Mama akatega sikio. Kule mikokoni ndege mmoja akalia.

"Basi keti," akasema. "Bado wapo."