Shahidi wa Mbuzi

Chama chetu cha kusaidia familia za vijijini kilizaliwa Katuba, mjini Lubumbashi, nyuma ya kanisa, siku ambayo mvua ilituzuia kurudi nyumbani baada ya misa. Wengi wetu ni wajukuu wa watu waliotoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli na ya migodi. Sasa sisi ni walimu, makarani na wauguzi: huruma tunayo tele, usafiri hatuna. Ndiyo maana tulimchagua kuwa mwenyekiti mtu ambaye si Mkatoliki wala si mtu wa Katanga. Ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye duka katika mtaa wa hapahapa mjini uitwao Kenya, mlokole asiyekunywa pombe, asiyetukana, na asiyecheka kabla ya kuhakikisha kwamba jambo linachekesha kweli. Ana lori. Mimi nilichaguliwa kuwa katibu kwa sababu nimesoma chuo kikuu, maana yake hakuna aliyejua nifanye kazi gani nyingine.

Tulikuwa tunatoa mbuzi. Familia maskini upande wa Lukafu inapewa mbuzi jike, na mtoto jike wa kwanza atakayezaliwa anakwenda kwa familia nyingine. Mbuzi akifa kwa ugonjwa au kwa ajali tunaleta mwingine. Akiliwa au akiuzwa, basi, hapo safari imekwisha. Lakini ukiwa Lubumbashi huwezi kujua mbuzi yupi amekufa na yupi ameliwa. Kwa hiyo mwenyekiti alitunga kanuni ya ushuhuda: mwenye mbuzi asimame mbele ya kijiji kizima aeleze yaliyotokea, kisha jirani wa karibu asimame athibitishe. Aliipenda sana kanuni hiyo. Nadhani ilimkumbusha kanisa lake.

Tulifika katika kijiji kimoja cha upande huo katikati ya kiangazi, tukiwa wekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi soksi. Njia nzima tulipishana na watu wa makala, yaani makaa ya kupikia, wakisukuma baiskeli kuelekea mjini. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vyeusi vya kupiga rangi, maana nilifikiri katibu anapaswa kutofautiana na mbuzi.

Siku ile shauri lilikuwa moja tu, la mjane mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike. Mtoto alikuwa amemaliza darasa la sita, la mwisho la shule ya msingi, na kufaulu. Shule ya sekondari iko Lukafu, mbali na pale, na anayekwenda huko lazima awe na sare, godoro na chakula cha kuanzia. Mbuzi tuliyempa yule mama mwaka uliotangulia ndiye aliyetazamiwa kuzaa vitu hivyo vyote, ila alikufa wakati wa mvua. Mjane alitueleza hayo bila kulia, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Akipata mbuzi mwingine, mwenye mimba kama yule tuliyekuja naye, mtoto ataweza kwenda shule. Asipompata, mtoto atabaki kulima naye.

Tulikuwa tumekwisha kumshusha mbuzi. Msichana alikuwa ameshika kamba yake, na tayari alikuwa amempangusa vumbi miguuni.

"Jirani wa karibu ni nani?" mwenyekiti akauliza.

Hapakuwa na wa kuchagua. Wakati wa mvua kijiji chote huhamia kwenye makambi ya mashambani, na mwaka ule watu wazima waliobaki pale walikuwa wawili: mjane na mwanamke mmoja mzee, mwembamba, aliyeishi ng'ambo ya jiko lake. Huyo mzee akasimama, akakaza kitenge kiunoni.

"Njo miye. Mungu alinihukumu, akaniweka karibu na uyu muntu."

Watu wakaanza kucheka. Mwenyekiti akangoja wanyamaze.

"Mama, uliona mbuzi inakufa?"

"Kufa? Nani alikufa? Alimukula! Alimukula na sufuria nzima ya bukari, ugali muzuri, mupaka pembe. Miye nilisikia harufu, nikakuja na sahani yangu, akanifungia mulango! Muntu wa choyo vile, mutamupa tena mbuzi? Mumupe kuku. Na ile kuku mumufunge yeye kinywa kwanza."

Kijiji kilipasuka kwa kicheko. Hata mjane alicheka, akifuta macho kwa pindo la kitenge chake. Mwenyekiti alitazama nyuso zile zote na shingo yake ikavimba.

"Mama, unasema kweli mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu na mbele ya ile tumbo yako, Prezida."

Akamgeukia mjane. "Na wewe unacheka?"

"Ni yeye, papa. Njo vile anasemaka."

"Mbuzi ilikufa ao ulikula?"

"Ilikufa. Yeye anajua."

"Yeye anasema uliikula."

"Eeh," mjane akasema, "anasema."

Mwenyekiti alingoja ajitetee, akasirike, aape, afanye lolote ambalo mtu aliyesingiziwa hufanya. Mjane alitazama chini tu, bado akiwa na tabasamu ambalo sasa halikujua pa kwenda.

"Kanuni ni kanuni," mwenyekiti akasema. "Murudishe mbuzi ku lori."

Kicheko kilikufa kidogo kidogo, kwanza mbele, kisha nyuma, kwa waliochelewa kusikia. Dereva alinyoosha mkono apewe kamba. Msichana hakuiachia.

Ndipo mtu mmoja nyuma yangu alipomnong'oneza mwenzake, "Lakini uyu si wa Chui?" Kitu fulani kikaamka kichwani mwangu, taratibu, kama mwanafunzi wa safu ya mwisho anayesikia jina lake likiitwa. Ukoo wa Chui. Na mjane ni wa ukoo wa Mbuzi, alikwisha kutuambia alipojitambulisha. Nilisomea sosholojia. Niliwahi kufanya mtihani juu ya utani wa koo, kwa Kifaransa, nikapata alama nzuri na kupongezwa kwa tanbihi zangu. Sasa utani wenyewe ulikuwa umesimama mbele yangu ukisimulia habari za sahani, na mimi nilikuwa ninakung'uta vumbi la viatu.

Nikamvuta mwenyekiti kando, nikamweleza. Chui hula mbuzi, kwa hiyo watu wa koo hizi mbili ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani, kukunyang'anya kofia, kukuita mwizi mbele ya wakwe. Wewe huna ruhusa ya kukasirika; anayekasirikia utani anajiaibisha. Na mtani huyohuyo ndiye atakayekuzika. Niliona nimeeleza vizuri sana. Nilikuwa ninaingia katika tofauti kati ya utani wa koo na ule wa makabila aliponikatiza.

"Katibu. Mbuzi ilikufa ao haikufe?"

"Kwa upande wa sosholojia..."

"Katibu."

"Sijui," nikasema.

Na kweli sikujua. Utani ulieleza kwa nini yule mzee alisema vile, ila haukueleza mbuzi alipokwenda. Shahidi alikuwa mmoja tu katika kijiji kizima, na ndiye mtu ambaye desturi ilimkataza kumsema mjane vizuri.

Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Bibi, sema basi muzuri! Aba bantu ba Lubumbashi habajue!"

Mzee alimtazama msichana, akaitazama kamba, akatazama mkono wa dereva. Utani ulikuwa umemtoka usoni. Alifungua kinywa, akakifunga. Nimewahi kuona watu wakishindwa kusema uongo, lakini sijawahi kumwona mtu akipata taabu namna ile kusema neno jema.

"Siwezi," akasema. Kisha akamwambia msichana, "Leta jembe."

Akatangulia. Tulimfuata sote, kijiji, dereva, mwenyekiti na viatu vyangu, tukapita nyuma ya jiko na kukata shamba la mihogo mpaka kwenye kichuguu kikubwa. Akaanza kuchimba upande wa kivuli, na alivyochimba ndivyo alivyoendelea kutukana.

"Munaona uyu muvivu? Hata mbuzi yake alishindwa kuzika. Ni miye nilichimba, na ii mugongo yangu! Yeye alikaa paleee, analia sawa bibi arusi. Nyoka inauma mbuzi, mama mukubwa analia! Muguu ya mbuzi inavimba sawa chupa, yeye anaishika, anaiombea. Nikamwambia, tuikule? Akasema, apana, iko sumu. Nikamwambia, basi tuitupe. Akasema, apana, batoto bataiokota. Batoto ba hapa beko na njaa kupita imbwa. Kichwa nguvu! Njo kunichimbisha na mvua!"

Hakuna aliyecheka. Mjane alikuwa amejifunika kinywa kwa mkono.

Jembe liligonga kitu. Ilitokea pembe, halafu ngozi iliyokauka na kukunjamana juu ya mifupa yake, na shingoni kamba ya nailoni ya buluu. Mwenyekiti alichuchumaa. Kamba hiyo ndiyo anayofungia magunia ya sukari dukani kwake, na fundo lake hufunga mwenyewe, maana haamini mafundo ya watu wengine. Aliifuta udongo kwa kidole gumba, akalitazama fundo kwa muda mrefu kuliko fundo linavyostahili.

"Lakini mama," akasema, bado amechuchumaa, "kwa nini hukusema hivi tangu mwanzo?"

"Si nimesema hivi? Nimesema ni muvivu na kichwa nguvu."

"Ulisema alikula."

"Prezida, miye ni mutani wake. Nikisimama mbele ya bantu niseme uyu ni mama muzuri, batauliza amekufa lini. Ile maneno tunaiwekaka ya siku ya kuzika."

Mwenyekiti akasimama, akapangusa magoti. Akamwambia dereva amwache mbuzi. Msichana hakungoja tafsiri yangu, ambayo kwa kweli hakuna aliyeiomba. Alikwisha kwenda na mbuzi wake. Yule mzee akaanza kufukia shimo, akituuliza kama Lubumbashi watu hufukua makaburi na kuwaachia wenyeji kazi ya kuyafunika. Nikampokea jembe. Nilifukia vibaya, akalichukua tena.

Tukapanda lori kurudi mjini. Kisha mwenyekiti akauliza, bila kugeuza kichwa, "Hii mambo ya utani, ulikuwa unaijua?"

"Niliisoma."

"Mm." Lori likarukia shimo. "Tutaongeza ku kanuni. Mutani haitwe shahidi."

"Na kama ni yeye peke yake aliyeona?"

Akafikiri mpaka tukavuka daraja.

"Basi akuje na jembe."

Kiangazi kilichofuata tulirudi. Msichana alikuwa ameanza shule Lukafu. Habari hiyo tuliipata njiani kwa mtu wa makala. Mbuzi wa kwanza kuzaliwa alikuwa dume, na bei yake ilimvalisha mtoto sare. Wa pili alikuwa jike, na kwa kanuni yetu alipaswa kwenda kwa familia nyingine. Mwenyekiti alikuwa na furaha ya ajabu siku hiyo. Midomo yake ilikuwa ikicheza peke yake, na mwanzoni nilidhani anasali. Halafu nikasikia neno "meno." Mtu ambaye hajawahi kutukana maishani mwake alikuwa akijiandalia tusi la yule mzee, akilipima, akilirudia, kama mtoto anayekariri shairi la siku ya wazazi. Aliniuliza kama si kali mno. Nilimwambia kwamba kwa upande wa sosholojia linaruhusiwa.

Mjane alitupokea barabarani, akiwa na mtoto wa mbuzi kifuani. Mwenyekiti alishuka, akakohoa, akanyoosha koti.

"Iko wapi ule jirani yako mubaya?" akauliza kwa sauti kubwa, na akatazama huku na huku kutafuta watu wa kucheka.

"Alikuwa mama muzuri," mjane akasema.

Alilisema polepole, na mbele ya watu wote. Mwenyekiti akavua kofia kabla sijaelewa. Hakuna aliyelazimika kutueleza neno jingine.

"Alinichimbia mbuzi," mjane akaendelea. "Na miye nilimuchimbia yeye. Nilimuambia mule mu shimo, sogea, unajaza nafasi hata ukikonda vile. Bantu balicheka. Alipenda bantu bacheke."

Kisha akatuongoza hadi ng'ambo ya jiko lake. Katika nyumba ya marehemu sasa anaishi binti yake pamoja na watoto wake wadogo, na kijiji kilikuwa kimekubaliana kwamba mtoto wa mbuzi aende pale. Binti alisimama mlangoni, akajipangusa mikono, asijue kama anapaswa kupiga magoti au kutushukuru kwanza.

Kanuni ilikuwa bado kanuni, na mwaka ule tulikuwa tumeipanua: hata anayepokea mbuzi mara ya kwanza asemewe na jirani wa karibu. Mwenyekiti akageukia watu, kofia bado mkononi, akauliza jirani wa karibu ni nani.

"Njo miye," mjane akasema. "Na minabaambia mapema, mumejipotezea mbuzi. Ii jamaa yote ya Chui ni bavivu, ni balafi. Hata mama yao alikuwa vile. Mutakuja hapa, mutakuta mifupa, na sahani nitakuja nayo miye, na atanifungia mulango."

Binti wa marehemu alicheka na kulia kwa pamoja, akainua mikono kumpokea mbuzi.

Mwenyekiti akavaa kofia.

"Katibu, andika."

"Niandike nini?"

"Andika shahidi amesema muzuri."