Vipimo vya Seva Kuukuu

Sikumpenda mwenzangu wa kazi tangu siku ya kwanza, wala sitajitia kusema vingine. Alikuwa mtu wa bara, amenitangulia miaka minne katika kampuni ya malori pale Shimanzi, na kila nilipoingia na kumwambia sabalkheri, alijibu kwa kusogeza kiti.

Tulikuwa wawili tu wa kutunza seva, mashine mbili kuukuu zilizoweka kumbukumbu za kila kontena. Nilipozibadilishia kiini cha mfumo, yaani programu ya ndani kabisa inayoendesha mashine yote, makarani wa getini walianza kulalamika kuwa kompyuta zao zinasita. Akapata la kusema.

"Kiini chako kipya hakifai kwa mashine hizi. Turudishe cha zamani."

"Cha zamani kina matundu. Mwizi yeyote wa mtandaoni ataingia."

Meneja alichoka nasi. Akaamuru kila mmoja avipime viini vyote viwili kwenye mashine moja, alete majibu Jumatatu.

Changu nilikipima saa moja asubuhi. Kiyoyozi cha chumba kile kilikuwa kimekufa, na mashine zile zikipata joto hujipunguzia kasi zenyewe. Cha zamani nikakipima saa nane mchana. Nilijua ninachofanya.

Jumatatu, karatasi yangu ilisema kipya kinashinda. Yake ilisema cha zamani kinashinda, tena kwa mbali. Nikaisoma mpaka chini, nikaona.

"Umezima kinga zote za usalama, ambazo hupunguza kasi, ndipo ukakipima cha zamani," nikasema mbele ya meneja. "Huu ni udanganyifu."

Aliivuta karatasi yangu, akaweka kidole kwenye saa.

"Dada, chako asubuhi na mapema, changu jua la utosi. Na huu je, ni nini?"

Uso uliniwaka. Sikuona aibu kwa nilichofanya. Nilichukia kwamba aliyenigundua ni yeye.

Meneja alitufungia kutwa nzima katika chumba kile, kinga zimewashwa, viini vikipokezana, yeye mwenyewe akiwa shahidi. Tulitokwa jasho bila maneno zaidi ya "anza" na "imeisha." Kipya kilikuwa kizito kidogo tu. Lakini vyote viwili vilikwama palepale, kila mashine ilipoandika kwenye diski.

"Diski inakufa," akasema mwenzangu.

Nilikuwa nimeliona hilo mapema. Nililificha nisimpe msaada wangu.

Diski ilibadilishwa, malalamiko ya getini yakaisha, kiini kipya kikabaki. Baada ya mwezi aliomba uhamisho kwenda yadi ya Makupa. Siku ya kuondoka nilinyoosha mkono kupokea ufunguo wa chumba. Akauweka mezani, akateremka ngazi. Nilifurahi, na furaha ile haikunipa raha hata kidogo.