Kitabu cha Papa cha Sikuzani wa Rumonge

Sikuzani binti Amuri alikuwa mshona kofia, na maishani mwake hakuwahi kuiona bahari. Alizaliwa Ujiji, akaletwa Rumonge akiwa bado ananyonya, na tangu hapo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Nyanza, mji wa ufukwe huohuo, kwa mtumbwi, kumzika shangazi yake. Hata hivyo, upande wote ule wa ziwa, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kitabu cha papa.

Kilikuwa na kurasa ishirini na mbili za karatasi iliyonunuliwa kwa Mhindi, zimeshonwa mgongoni kwa uzi uleule wa kofia. Kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa wino wa masizi, na kila ukurasa ulianza kwa maneno mawili: Bakari alisema.

Bakari alikuwa mume wake. Alifika ziwani na msafara wa nguo na shanga, mabega yamejaa sugu, akamwona Sikuzani, akaacha kurudi alikotoka. Alisema ujana wake aliumaliza baharini pamoja na wavuvi wa papa. Alasiri, mkewe akishona, yeye aliketi mlangoni akichambua ngazi, yale mashada ya matunda ya mchikichi, na kusimulia. Alisema papa hana mfupa hata mmoja, mwili mzima ni kitu laini kama ncha ya pua. Meno yake yamepangwa safu nyuma ya safu, na la mbele likidondoka, la nyuma husogea kushika nafasi. Akiacha kuogelea huzama, kwa hiyo huogelea hata akiwa amepumzika. Watu huchemsha ini lake wakapata mafuta, wakayapaka vyombo vyao kama vile Rumonge mawese yanavyopakwa kila kitu. Sikuzani alisikiliza huku sindano ikienda. Mara nyingine aliinua macho akaliona ziwa limefunikwa na ukungu, na chini ya ule weupe ikamwia kama kwamba kitu kirefu kinapita polepole, hakina haraka, hakina mfupa.

Ukaja mwaka ambao Wadachi waliamuru vichaka vya ufukweni vifyekwe ili mbung'o wakose kivuli. Vilifyekwa, lakini Bakari alikuwa ameshaumwa. Malale yalimwingia taratibu. Kwanza alisinzia baada ya chakula, kisha kabla ya chakula, kisha katikati ya neno. Alianza kusema habari ya papa na damu, kidevu kikaangukia kifuani. Alipoamka hakukumbuka alipokuwa amefika, na hilo lilimuuma kuliko kichwa chake. Ndipo Sikuzani alipoanza kuandika, ili akiamka amsomee alipoishia. Herufi alizijua; baba yake alimfundisha pamoja na kaka zake.

Siku nyingine Bakari hakuamka mpaka kesho yake, na habari ikabaki imekatika. Sikuzani hakuweza kuiacha hivyo, kama asivyoweza kuiacha kofia na uzi unaning'inia. Aliimalizia mwenyewe kwa kile alichokijua kuhusu samaki, yaani samaki wa ziwa, akaiandika chini ya maneno yaleyale, Bakari alisema. Alijiambia kwamba mumewe akiamka atasahihisha. Mwisho wake Bakari hakuamka tena.

Baada ya eda watoto walianza kuja. Wa kwanza alikuwa Zena, binti wa jirani, aliyetumwa kuchukua kofia ya baba yake akakuta kitabu kimefunguliwa. Muda si mrefu mkeka ulijaa. Walihesabu meno ya papa kwa vidole vyao na vya wenzao. Walipooga ziwani walikataa kusimama, wakizunguka na kuzunguka, wasije wakazama. Ukurasa walioupenda kuliko zote ulikuwa na picha aliyoichora Sikuzani mwenyewe, ya papa jike amefunua kinywa, na watoto wake wakitoka mmoja mmoja kati ya meno yale makali, kama watu watokao nyumbani asubuhi.

Amissi, mvuvi wa mukeke, samaki wakubwa wa ziwa lile, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alipita pale siku moja na kapu lake. Alisimama akasikiliza.

"Shemeji," akasema, "samaki iko na mufupa. Yako haina mufupa, haina magamba, inazaa kama mbuzi. Ni samaki ao ni muzimu?"

Watoto walicheka. Sikuzani alimwambia kwamba ndivyo alivyosema Bakari.

"Bakari aliishia Tabora. Bahari aliisikia kwa wapagazi wenzake, kama sisi wote."

Maneno hayo yalitembea mjini. Mwalimu Abdul wa chuoni hakuwa mtu mkali, lakini alimwita Sikuzani na kumweleza kwamba watoto wanakuja kusoma Kurani na papa midomoni, na wazazi wameanza kuuliza. Akasema atamsubiri mtu aliyemwona samaki huyo kwa macho yake. Kitabu kikiwa cha kweli, watoto waendelee kwenda. Kikiwa cha uongo, kifungwe. Sikuzani alikubali. Lakini lililomnyima raha halikuwa mkeka mtupu. Kitabu kikiwa uongo, basi mtu aliyelala naye miaka kumi na tisa alikuwa mtu mwingine, na ile bahari iliyokuwa ikipita mlangoni kwake kila alasiri haikuwapo.

Mtu aliyesubiriwa alifika msimu wa mvua. Aliitwa Fundi Idi, seremala wa Kilwa, anapelekwa Usumbura kujenga mashua ya serikali. Upepo uliizuia Rumonge siku tatu mashua aliyosafiria. Siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, waliketi barazani kwa mwalimu: fundi, mwalimu, Amissi aliyekuja bila kuitwa, na Sikuzani na kitabu chake mapajani.

Alisoma. Fundi Idi alitikisa kichwa kukubali habari ya mifupa, akakubali meno, akakubali mafuta ya ini, akatabasamu kama mtu anayesikia majina ya jirani zake wa utotoni. Ukaja ukurasa wa picha. Sikuzani alisoma kwamba papa hatagi mayai, anazaa watoto walio hai, naye huwatunza kinywani mpaka wapate nguvu, kisha huwatoa.

Fundi Idi akaomba asome tena. Kisha akasema kwa upole, "Hapana, mama. Kuzaa, anazaa kweli. Lakini watoto hutoka tumboni, na wakishatoka hukimbia. Wakikaa karibu na kile kinywa wataliwa."

"Nilisema mie," Amissi akanong'ona. "Hiyo ya mudomo ni samaki wetu wa kwenye mawe. Ukimuvuta mutumbwini anatema watoto. Bakari aliona hapa, akapeleka baharini."

Mwalimu Abdul alinyoosha mkono kuchukua kitabu, bila hasira, kama anayefunga mlango jioni.

Sikuzani alikishika. Ingetosha anyamaze, na kosa lingelala na marehemu, ambaye hawezi tena kuona haya. Watu wangesema Bakari alikuwa mwongo mwenye maneno matamu, na yeye angebaki mjane mwaminifu aliyeandika alichoambiwa.

"Neno la kinywani si lake," akasema. "Ni langu."

Wakamtazama.

"Alisema anazaa watoto hai, akalala. Nilingoja mpaka taa ikaisha mafuta. Nikaandika mimi. Niliwaona hao samaki wa Amissi, nikadhani wote hufanya hivyo."

Mwalimu akauliza kama kuna mahali pengine alipomalizia mwenyewe. Sikuzani alisema papo, kwa jumla mahali panne. Akachukua unyoya wa kuku uliokuwa barazani, akaonyesha kila pahali kwa ncha yake, bila kutafuta: hapa alilala, hapa alilala, hapa pia. Kila mchana wa mwaka ule ulikuwa umekaa kichwani mwake, kila usingizi na mstari wake.

Wakaanza upya. Fundi Idi alisikiliza polepole zaidi. Pale alipolala Bakari, mara tatu fundi alitikisa kichwa kukataa. Mara moja alikubali, akashangaa Sikuzani alijuaje kwamba samaki wakubwa hufuata kundi la wadogo. Alijibu kwamba kila mtu wa hapa anaona mukeke wanavyofuata ndagala, wale dagaa wa ziwani. Na pale alipokuwa macho Bakari, fundi hakukataa hata neno.

Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba ngozi ya papa ukiipapasa kuelekea mkia ni laini, na ukiurudisha mkono inakukwaruza. Fundi Idi aliinuka bila kusema, akashuka hadi kwenye mashua, akarudi na kipande cha ngozi ya kijivu, kikubwa kama kiganja, anachosugulia mbao. Akampa Amissi kwanza.

Amissi aliipapasa, akarudisha mkono, akaunyanyua haraka na kuutazama. Akaipapasa tena.

"Huyu alimushika papa," akasema mwishowe, wala hakusema ni nani.

Kipande kilipofika kwa Sikuzani alifumba macho. Upande mmoja kiganja kiliteleza kama juu ya maji. Upande wa pili palikuwa na maelfu ya kitu kidogo, kikali, kikimkatalia. Alikaa nacho mpaka mwalimu akasema kitabu kisomwe, ila kila neno lipewe mwenyewe.

Mvua zilipokwisha Sikuzani aliandika nakala mpya. Katika mahali pale panne aliacha nafasi ya mistari miwili, akaandika katikati, Hapa alilala. Chini yake, kwa herufi ndogo, Fundi Idi alisema. Picha ya kinywa aliitoa. Watoto walilalamika siku nne.

Kisha wakazoea. Alipofika mahali pa kwanza kati ya pale panne na kusoma "Hapa alilala," Zena alilaza kichwa kwenye mkeka, na wengine wakalala naye, macho wamefumba, miguu imegusana. Hakuna aliyewaambia. Sikuzani aliacha kidole juu ya karatasi tupu akawangoja, ziwa likipumua nyuma ya nyumba, mpaka mmoja wao alipofumbua jicho moja kuona kama ameanza tena.