Vijiti vya Bi Hatsue Vinavyotangulia

Bi Hatsue Kuwabara ana saluni karibu na stesheni ya Hita, Japani. Jumatatu, saluni zinapofungwa, huja kwenye ukumbi wa michezo ya video tunakokutana sisi wenye ugonjwa wa mashine ya ngoma. Vijiti vyake amevichonga mwenyewe na kuvifunga kitambaa cha taulo.

Shida yake ilikuwa moja. Miduara myekundu na ya buluu inateleza kwenye skrini, nawe unapaswa kuipiga ikifika penye alama, si kabla wala baada. Yeye alitangulia kila mara. "Mapema," skrini ilimwandikia. Naye alilitaka sana taji la dhahabu la asiyekosa hata pigo moja, maana Tetsuji, dereva wa basi mstaafu, alikuwa nalo na hachoki kulitaja.

"Dada, una haraka ya kwenda wapi?" Tetsuji alimtania. "Wimbo haukukimbii."

"Nyamaza wewe. Ulichelewesha watu miaka yote, leo ndiyo unanifundisha saa?"

Alijaribu kufumba macho. Alijaribu kugonga mapigo kwa mguu huku akikata nywele, na mteja mmoja akatoka na nywele fupi upande mmoja.

Siku moja Tetsuji alimwuliza alijifunzia wapi ngoma.

"Jukwaani, kwenye sikukuu ya Bon, mtaa mzima unapocheza kuwakumbuka wafu. Mama alinifundisha. Spika za wimbo ziko mwisho wa mtaa, kwa muuza samaki. Ukipiga sawasawa na wimbo, ngoma inawafikia wachezaji wa kule imechelewa, miguu inagongana. Kwa hiyo unaitanguliza kidogo."

Tetsuji alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Sasa humu ndani muuza samaki yuko wapi? Mpigie aliye karibu yako. Nipigie mimi."

Basi akasimama ubavuni mwa mashine, naye Bi Hatsue akawa anampigia yeye. Mwezi Julai alilipata taji. Alilia waziwazi, akatununulia aiskrimu sote, nami nilifurahi kama nimelipata mimi.

Agosti, siku ya Bon, akapanda jukwaani. Wimbo wa kwanza alipiga sawasawa kabisa, kama kwenye mashine, na kule kwa muuza samaki miguu ikavurugika, mtu akamkanyaga jirani yake.

"Bi Hatsue, leo umelala?" muuza samaki alipaza sauti.

Mtaa mzima ukacheka, na yeye pia. Kisha akainua macho, akawatazama wale wa mbali kabisa, na vijiti vikaanza kutangulia. Miguu kule ikakaa sawa.

Jumatatu iliyofuata alirudi ukumbini, akapiga. "Mapema," skrini ikaandika. Tetsuji alifungua mdomo.

"Usiniambie kitu," Bi Hatsue alimkatiza. "Taji ninalo. Na wale wa kule wanacheza vizuri."