Mkonge wa Katangi na Unga Wangu wa Bakteria

Ndugu zangu wa Taveta mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje mtu aliyesomea kazi ya maabara akaenda Ukambani kuroweka mkonge. Niwaeleze basi, maana wengine wenu mmeshaanza kusema nilipoteza kazi kwa ulevi, na mnajua mimi hata muratina ya harusini huinusa tu.

Mwaka mmoja baada ya mvua za El Niño nilikuwa fundi wa maabara Nairobi. Mwenzangu alikuwa ameniletea mitungi ya maji kutoka Katangi, upande wa Yatta, mahali ambapo akina mama huroweka majani ya mkonge yaoze ili wapate nyuzi za kusukia vikapu vya vyondo. Katika maji yale nilimpata bakteria mmoja anayekula gundi inayoshikanisha nyuzi ndani ya jani. Nikamtenga, nikamlisha, nikamkausha pamoja na pumba za mchele mpaka akawa unga. Miaka miwili nilimlea mdudu yule kuliko nilivyowalea wanangu, na mke wangu ni shahidi. Vitabu vilisema mkonge huchukua wiki mbili kuoza. Unga wangu, nikiukoroga na maji yale ya mitungi, ulimaliza kazi kwa siku tano. Kampuni moja ikasema itautengeneza na kuuuza, ila kwanza meneja wake auone ukifanya kazi kijijini. Ukifaulu, tunaingia sokoni. Ukishindwa, mradi unafungwa na kazi yangu inakwisha.

Jumatatu alfajiri nilitoka Nairobi na pikapu ya mradi, pakiti za unga zikiwa zimefungwa blanketi kwenye kiti cha pembeni. Kufika Lukenya jua lilikuwa linagusa majabali, na wachonga mawe walikuwa wameshaanza kugonga. Nilisimama kidogo kunyoosha miguu. Kusema kweli nilisimama ili nifungue blanketi nione kama pakiti zimelowa. Zilikuwa kavu.

Saa tatu nilikuwa Machakos mjini. Karibu na msikiti niliingia duka la mzee mmoja ambaye babu yake alitoka Pwani, nikanunua brashi, sabuni za miche na chupa nne za dawa ya kuulia viini.

"Kwenu kuna maradhi?" akaniuliza, akifunga vitu kwa gazeti.

"La, mzee. Nafanya biashara ya viini."

Akanitazama, akatazama zile chupa za dawa. "Basi wewe ni mfanyabiashara wa ajabu," akasema. "Unanunua sumu ya bidhaa yako." Nilicheka, nikaondoka. Kucheka kulikuwa rahisi siku hiyo.

Baada ya Machakos njia inashuka, joto linapanda, na vumbi jekundu linaingia hata mahali ambapo hujafungua. Saa saba mchana nikafika Katangi. Mama Mutheu, mwenyekiti wa kikundi cha wasusi, alinipokea na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, uliochanganywa na maharagwe, na hakuruhusu neno moja la kazi mpaka sahani iwe tupu. Ni mama mrefu, mpole wa sauti, na vidole vyake havitulii. Hata akiongea na mgeni anasokota uzi pajani.

Baada ya chakula akanionyesha mapipa matano chini ya mgunga nyuma ya nyumba yake. Zamani waliroweka mkonge kwenye silanga, yaani bwawa la udongo la kijiji, lakini chifu aliwakataza kwa sababu ng'ombe hunywa humo. Mapipa yalinuka kama yai viza. Ndani ya kila moja mlikuwa na maji meusi kadiri ya kibuyu kimoja.

"Haya maji tuliyabakisha," akasema Mama Mutheu. "Sisi hatumwagangi yote."

"Yamwagwe, mama. Mapipa yasuguliwe kwa sabuni na hii dawa, yasuuzwe mara tatu, yajazwe maji mapya. Nataka unga wangu ufanye kazi peke yake."

Vidole vyake vikasimama. "Yote?"

"Yote."

Akawatazama wenzake. Mmoja akasema kitu kwa Kikamba, wengine wakainamisha macho. "Haya," akasema Mama Mutheu. "Mgeni ndiye anajua. Akina mama, tuoshe." Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kwao mgeni hapingwi. Wakati ule nilidhani wamenielewa, nami nikajisifu moyoni kwamba nimewafundisha usafi.

Jioni ile tulitia majani na unga wangu. Jumanne na Jumatano nilikuwa nikizunguka mapipa yangu kama kuku anayetaka kutaga. Alhamisi nikavuta jani moja, nikalisugua kati ya vidole. Lilikuwa gumu vilevile. Ijumaa likawa gumu vilevile. Niliongeza unga, nikapima joto la maji, nikawagombeza akina mama kwamba hawakusuuza vizuri, nao walikuwa wamesuuza mara nne. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu hutokea kama hasira. Naona haya hadi leo.

Jumamosi saa nne asubuhi, nusu saa kabla ya meneja kufika, nilitoka nyuma ya nyumba nikakuta kamba ya nguo imejaa nyuzi za mkonge, nyeupe, laini, ndefu. Nilizishika. Hazikuwa na hata chembe ya nyama ya jani.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Pipa yangu ya jikoni," akasema Mama Mutheu. "Hiyo hatukuosha. Niliweka majani Jumatatu, kama kawaida."

"Siku tano? Kila mara huwa siku tano?"

"Kama maji ya zamani iko. Kama hakuna, wiki mbili."

Nilikaa juu ya jiwe. Nilichokuja kuwauzia walikuwa nacho tangu wakati wa mama zao, nami nilikuwa nimewaamuru wakimwage. Kisha nikaona jambo jingine: kamba ile ilikuwa imefungwa juu kabisa ya mapipa yangu matano.

"Mbona mmezianika hapa, mama?"

"Mgeni hawezi aibishwa kwetu," akasema kwa upole. "Huyo mkubwa wako akikuja, ataona kazi iko sawa. Sisi hatutasema kitu."

Meneja alifika, akatoka garini na kamera, akazishika nyuzi akatabasamu. "Kumbe kweli! Siku tano tu! Hii kitu itauzwa mpaka Tanzania." Akawageukia akina mama. "Ni unga umefanya hivi, sivyo?"

Mama Mutheu alikuwa anasokota uzi, anatazama chini. Walikuwa wamenikabidhi ule uongo kama walivyonikabidhi sahani ya muthokoi, na ningeweza kuula. Niliwaza ada za shule za watoto. Niliwaza miaka yangu miwili.

"Hapana, bwana," nikasema. "Hizo ni za pipa la mama huyu. Halina unga hata chembe. Zangu ziko hapa." Nikavuta jani kutoka pipani, nikampa, likiwa gumu.

Alilikunja, likakataa kuvunjika. Hakunifokea. Alifunga kamera, akasema nitaandikiwa, akaondoka bila kunywa chai.

Mchana nilipokuwa nafunga vitu vyangu, Mama Mutheu alinijia na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Ndani yalikuwa maji meusi ya pipa lake. "Beba," akasema. "Siku ile hukuuliza, mwanangu. Ungeuliza, tungekuambia." Nililia njiani, pikapu ikiwa kwenye vumbi, wala sioni haya kuwaambia.

Jumatatu maabarani barua ya kufunga mradi ilikuwa mezani. Ilinipa mpaka mwisho wa mwezi. Niliisoma mara mbili, kisha nikaisogeza ili hadubini ipate nafasi. Katika tone moja la kibuyu kile niliona viumbe wa kila umbo: wa fimbo, wa duara, wa mnyororo, wengine wakikimbia, wengine wamekaa. Mdudu wangu alikuwamo, mmoja kati ya umati. Nilikuwa nimemtoa kijijini mwake peke yake nikamdai kazi ya kijiji kizima, na maabarani alifaulu kwa sababu maji ya mitungi yalikuwa na jamaa zake.

Nikafungua daftari nianze kuandika maswali: nani anamwandalia nani chakula, nani anakuja kwanza, wanaishi muda gani pipa likikauka. Yalijaa kurasa tatu. Mengi kati yake ningeweza kumwuliza Mama Mutheu ile Jumatatu ya kwanza, mapipa yakiwa bado hayajaoshwa.