Alimshukuru Mungu kwa Mbwa Kabla Mwenyewe Hajajua

"Mkristo akimpeleka Mkristo mwenzake kwa askari, amemsulubisha Bwana mara ya pili." Maneno hayo niliambiwa wiki hii na mzee wa kanisa letu, akinitajia Wakorintho huku amefumba macho. Nilimjibu papo hapo. Paulo aliwakemea watu waliokuwa wakiburutana mahakamani kwa mambo madogo. Hakumfunga mdomo mtu anayesikia harufu ya mauaji. Paulo huyo huyo, watu wa dini yake walipoapa kumuua, alimtuma mpwa wake kwa mkuu wa jeshi akaseme. Mzee asome na Matendo ya Mitume, asiishie kwenye mstari anaoupenda.

Admin, ficha jina langu. Hasira yangu usiifiche.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mwalimu wa sekondari, naishi Chechelesi hapa Isiolo. Kanisa letu la mabati limepakana na boma la Mwislamu mmoja mwenye lori, nitamwita Haji. Babu yake alikuja hapa na jeshi la Mzungu, akabaki. Lori lake hubeba mizigo na watu kwenda Garbatulla. Tukiwa na sherehe, magari ya wageni wetu huegeshwa kwake. Kosa lake ni moja tu: alikataa kutuuzia kipande cha uwanja wake tupanue kanisa.

Tangu akatae, maombi yetu ya mchana yamegeuka. Anayeyaongoza ni ndugu nitakayemwita Daudi. Alianza na "vizuizi viondoke." Ikawa "adui wa madhabahu." Kisha akamtaja Haji kwa jina, na watu wakaitikia, "Moto!" Nilimfuata faragha, kama Bwana alivyoagiza.

"Daudi, unamwombea jirani kifo?"

"Mwalimu, hayo ni mambo ya rohoni. Wewe umesoma vitabu mpaka imani imekauka."

"Jina ulilotaja ni la mtu mwenye damu."

Akacheka. "Basi mgombeze Mungu. Mimi ni mdomo tu."

Kwetu tuna desturi ya kushukuru kabla ya kupokea. Mgonjwa bado yuko kitandani, sisi tunasema asante kwa kumponya. Naipenda desturi hiyo, nimelelewa nayo. Jumatano iliyopita Daudi aliinua mikono akasema, "Asante Bwana, umemnyamazisha mbwa wa adui." Watu wakasema Amina. Nilipotoka nilimkuta Haji langoni kwake akipiga mluzi.

"Habari Mwalimu. Hujamwona mbwa wangu? Asubuhi alikuwa mzima, wallahi, alikuwa karibu kuniangusha kwa kunirukia."

Tulimkuta nyuma ya lori, povu mdomoni, na kando yake kipande cha nyama ambacho hakukimaliza. Mwenye mbwa hakuwa na habari. Daudi alikuwa nayo.

Nilirudi kwa Daudi, safari hii na shahidi, dada mmoja wa kwaya. Nikamuuliza alijuaje. "Nilishukuru kwa imani," akasema, bila hata kupepesa macho. Shahidi wangu akasema "Haleluya," akaondoka, akaniacha nimesimama. Jumapili jambo lile liliitwa unabii, watu wakapiga makofi. Mimi nasema Mungu niliyesoma habari zake tangu nikiwa mtoto haweki sumu kwenye nyama.

Jana Daudi alishukuru tena. "Asante Bwana kwa lori lile ambalo halikurudi kutoka Garbatulla."

Halikurudi! Na mimi nilikuwa naliona dirishani, limesimama pale pale uani, likingoja safari ya Alhamisi. Juu ya magunia ya lori hilo huketi akina mama na watoto. Nilipomwambia mzee kwamba nitaenda polisi, ndipo aliponifumbia macho na Wakorintho wake.

Nikaenda kwa Haji. "Ita fundi akague breki na magurudumu kabla hujasafiri."

"Mwalimu! Umeacha chaki, sasa wewe ni fundi?" Kisha akauliza, "Umesikia nini huko kwenu?"

Nikasema barabara ni mbaya. Nilidanganya, kwa sababu naujua mji huu. Neno likitoka kanisani likafika msikitini limeongezwa chumvi, vijana wa pande zote mbili wataokota mawe. Lakini fundi hakuitwa.

Wasomaji wengine, nipeni busara yenu. Nitaingiaje kituo cha polisi na ushahidi ambao ni sala?

Lakini nyinyi wa maombi ya mchana, najua mnasoma ukurasa huu, nyinyi ndio mlionionyesha. Mlilisikia neno nililolisikia, mkaliitikia Amina. Nikimweleza Haji peke yangu, Daudi atasema ni yule mwalimu mgomvi, na kanisa zima litamwitikia. Tukisimama hata wawili mbele ya Haji, bila kelele, atamwita fundi. Na yeyote kati yenu anayejua nyama ile ilitoka mkono gani, aseme sasa. Kesho ni Alhamisi; asubuhi nitakuwa langoni kwake. Njooni. Magunia yameanza kupakiwa.